Pembe Ilie Mlangoni kwa Nani?

Sogeeni karibu. Mwenye simu aizime, mwenye usingizi akalale kwao. Hadithi ninayoileta leo haina mwisho. Mwisho wake nitawauliza nyinyi, na anayetaka kuondoka kabla sijauliza aondoke sasa hivi, nisimwone akinyatia mlango baadaye.

Katika mji wa Mkunguni, mji wa visiwani ambao msihangaike kuutafuta kwenye ramani, palikuwa na watu watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Wa kwanza ni Mwana Jaha, bibi mwenye kinywa. Lugha ya kale ya mji, ile ambayo vijana wameitupa wakaokota ya shule na ya televisheni, kwake ilikuwa nzima. Na alijua kwamba anaijua! Ukikosea neno mbele yake alikutazama mpaka ukatamani kurudi tumboni kwa mamako.

Wa pili ni Barke, binti wa mdogo wake Mwana Jaha, mwenye mkono. Alizaliwa Mkunguni, lakini mamake alipofariki alichukuliwa na babake Nakuru, akalelewa huko, akawa mwalimu wa historia. Barke akiandika, mfu anaamka na kuomba maji. Akisema, hapo tuvumilie kidogo.

Wa tatu ni Kupi, mtangazaji wa redio kule Mombasa, naye pia mwana wa Mkunguni, mwenye sauti. Kupi akisoma bei ya vitunguu, mtu anaweka tonge chini asikilize.

Sasa sikilizeni alilotoa kila mmoja, na alilopoteza.

Mkunguni kuna kisa ambacho mwanamume hakisikii. Zamani mji ulizingirwa, wanaume wakawa juu ya ukuta, na wanawake ndio waliogawa maji ya birika la mji mpaka tone la mwisho. Kisa hicho kinasema nani alipewa maji, nani alinyimwa, na nyumba zipi zilishika kata ya kutekea siku ile. Huambiwa bibi harusi peke yake, chumba cha ndani, siku anapooshwa, na anayekisimulia ni mwanamke mmoja tu. Kwa miaka mingi mwanamke huyo alikuwa Mwana Jaha. Lakini mabibi harusi wa siku hizi walikuwa wanasikiliza kwa sikio moja, la pili liko kwenye simu. Basi akamwita Barke.

"Ndoo hapa, mwanangu," akamwambia. "Mato yangu yamepunguka, lakini kinwa kingali kizima. Binti sina; kisa hiki kiandike wewe. Nikenda nacho kaburini, ntakuwa nimewazika wale wanawake mara ya pili."

"Wenzio watasemaje, Mama Mkuu?"

"Watanuna. Waache wanune."

Wakanuna kweli. Maneno ya ndani yametolewa nje, tena yana majina ya nyumba zao! Tangu siku hiyo Mwana Jaha hakualikwa harusi hata moja. Yeye aliyewaosha mama zao na bibi zao, sasa alisikia vugo la harusi likipita chini ya dirisha lake na akabaki ameshika nondo za dirisha, hana la kufanya. Alikuwa anatania kwamba miguu yake imepata mapumziko. Aliyekuwa naye chumbani alijua kwamba analia.

Barke naye aliacha kazi Nakuru, akafungua nyumba ya marehemu mamake iliyokuwa imefungwa tangu utotoni mwake, akafukuza popo, akakaa kuandika. Akakifanya kile kisa kuwa riwaya, yake ya kwanza, na watu wa ndani yake wakazungumza Kimkunguni kama walivyozungumza. Akaipeleka kwa mchapishaji.

"Hadithi tamu," mchapishaji akasema. "Ila wabadilishe wazungumze Kiswahili cha kawaida. Nani ataelewa haya kule Kitale?"

"Walikufa kwa kiu wakilia kwa lugha yao," Barke akajibu. "Nitawafundishaje nyingine sasa?"

Akafungiwa mlango ule, na uliofuata, mpaka akapata mchapishaji mdogo asiyeogopa hasara. Kitabu kikatoka, na Barke akaitwa kwenye televisheni. Mtangazaji, msichana mchangamfu, akamwambia, "Hebu tusemeshe kidogo kwa lugha ya kitabu chako!" Barke akafungua kinywa, ikatoka Nakuru. Lugha aliyoisikia kwa Mwana Jaha ilikuwa imekaa mkononi, haikupata kupanda ulimini. Kabla hajafika nyumbani, kipande kile kilishazunguka simu zote, na Mkunguni wamempa jina: Bi Kuazima. Wakimwona sokoni wanamsemesha Kiswahili cha shule, polepole, kwa adabu, kama anavyosemeshwa mtalii. Heri wangemtukana.

Na kitabu kikalala madukani. Wasiojua Kimkunguni walikifungua wakakifunga. Wanaokijua hawakuzoea kukiona kimeandikwa, macho yakawa yanajikwaa. Ndipo Kupi alipokichukua hadi studio, akawa anakisoma kila jioni baada ya taarifa ya habari. Lo! Watu waliyasikia kwa sikio yale yaliyowashinda kwa jicho. Simu zikaingia kutoka Tanga, kutoka Kitale hiyo hiyo. Wapishi waliunguza wali.

Mkuu wa kituo akamwita. "Isome kwa Kiswahili cha kila mtu."

"Bosi, si hao kila mtu ndio wanaopiga simu?"

"Ni amri, Kupi."

Kupi akaendelea kwa Kimkunguni mpaka ukurasa wa mwisho. Kesho yake akahamishwa, akapewa matangazo ya vifo, na yuko huko mpaka leo. Anayasoma vizuri mno, hata wapo wanaosema marehemu mwenyewe angefurahi. Lakini watani wa Mkunguni hawana huruma. Wanamwita Mtangaza Maiti, na kuna nyumba moja iliyokuwa tayari kumwoza binti yao ikaghairi, eti ana mkosi kinywani.

Kichekesho ni hiki: walioisikia redio walidhani Kupi ndiye mtunzi. Wakamletea kitabu atie sahihi. Akisema, "Si mimi, ni Barke," wanamsifu kwa unyenyekevu wake.

Basi jina la Mkunguni likavuma, na wazee wa mji wakaamua kuitoa pembe.

Pembe hii ya mji ni ya zamani, inakaa ndani ya kasha kwa Mzee Famau, mtunzaji wake, na hulizwa mara moja katika umri wa mtu, mbele ya mlango mmoja. Nyumba iliyoliziwa pembe imetakaswa. Hakuna harusi itakayowapita waliomo, hakuna atakayewapa jina la dhihaka, hakuna atakayewauliza wametoka wapi. Na haigawanyiki. Mara moja zamani waliiliza kwenye milango miwili ili kuridhisha watu, na zile nyumba mbili zikagombana nani aliliziwa mwanzo mpaka mji ukapata misikiti miwili. Kwa hiyo usiniambie "wote watatu." Nakuona wewe hapo, umeshafungua kinywa. Kifunge.

Wazee wakabishana, wakashindwa. Kisha wakafanya wanavyofanya wazee wakishindwa, wakamtupia mtu mwingine. "Mwenye jina juu ya kitabu ndiye atakayeitangulia pembe," wakasema. "Atakaposimama yeye, ndipo italia."

Barke alikataa. Wakamwambia akikataa, pembe inarudi kashani, nao watatu hawataishi kuiona tena ikitoka. Akaenda kwa Mwana Jaha kuomba ushauri.

"Mimi mzee, pembe ya nini?" Mwana Jaha akamwambia. "Mpe Kupi, kijana, bado hajaoa." Lakini kizingiti chake kilikuwa kimeoshwa, kingali na maji, na ubani unafuka, na mwilini ana leso ambayo hakuivaa tangu harusi ya mwisho aliyoalikwa.

Barke akampigia Kupi simu.

"Dada Barke, usinifikirie mimi," Kupi akasema. "Mpe Mama Mkuu, ametupa kila kitu." Kisha akaongeza, "Ila mama yangu tangu alfajiri anafagia. Amefagia mpaka kwa jirani. Nimemwambia aache, hasikii."

Na Barke mwenyewe? Nisiwafiche. Aliitaka pembe ile kwa roho yake yote. Alitaka ilie mbele ya mlango wa mamake, ili siku moja tu katika maisha yake asimame Mkunguni asiwe mgeni. Aliona haya kuitaka, na haya haikuipunguza hamu yake. Mwana Jaha akipewa, yeye Barke atabaki hana mji: wa Nakuru ameuacha na wa Mkunguni haumtaki. Akipewa Kupi, bibi atakufa anasikiliza vugo dirishani. Akijipa mwenyewe, atalalaje?

Alasiri ikaja. Mzee Famau akaipakata pembe, watu wakajipanga nyuma, Barke mbele. Wakapita sokoni, wakapita msikitini, wakafika kiwanjani ambapo vichochoro vitatu vinaachana. Cha kulia kinakwenda kwa mama yake Kupi, na fagio lilisikika. Cha katikati kinakwenda kwa Mwana Jaha, aliyekuwa amekaa barazani uso kaugeuza, eti hatazami. Cha kushoto kinakwenda nyumba iliyokuwa ya popo.

Barke akasimama. Miguu ikakataa.

Na sharti la pembe ni moja: ilie kabla ya magharibi. Adhana ikiitangulia, basi, inarudi kashani. Huko msikitini mwadhini alishawasha kipaza sauti, anasikika akikijaribu, fuu, fuu, akisafisha koo.

"Ndia ipi, mwanangu?" Mzee Famau akauliza kwa upole. Barke alilielewa kila neno, na hakupata hata moja la kumjibu, si la Mkunguni, si la Nakuru. Machozi yalikuwa yanamtiririka mbele ya mji mzima.

Nimeisimulia kwa wazee wakasema Mwana Jaha, bila kinywa mkono ungeandika nini? Nimeisimulia kwa walimu wakasema Barke, maana vinywa ni vingi na wanaokaa chini wakaandika hawapo. Nimeisimulia kwa vijana wakasema Kupi, kitabu kisichosikika ni karatasi. Wote nikawauliza, "Na wale wawili mtakaowaacha, nani ataenda kuwaambia?" Hapo wakaanza kutafuta viatu vyao.

Haya, mwadhini amevuta pumzi. Wewe uliyetulia hapo kwa raha zako, kama miguu hiyo ingekuwa yako, ungekwenda njia ipi?