Arobaini ya Kulwa na Doto

Hapo zamani za kale, wanangu, katika nchi ambayo bahari huganda ikawa ngumu kama sakafu, dubu mmoja mweupe alichimba chumba ndani ya theluji akajifungua pacha, Kulwa na Doto. Msidhani walizaliwa wakubwa! Walikuwa kama panya, macho hayajafunguka.

Mkunga wake alikuwa Bi Mbweha, mdogo wa mwili, mwingi wa maneno. Alimkanda mzazi, akamfunika, akamsimulia vituko, lakini moyo wake haukutulia. Mama Dubu alikuwa hajala tangu aingie humo. Watoto walinyonya, yeye akakonda, na sasa hata kusimama hakuweza.

"Shoga," akasema Mama Dubu, "yule dubu dume, Janadume, akija nitafanya nini? Alimla mtoto wa dada yangu."

"Usimtaje!" akanong'ona Bi Mbweha.

Wapi! Juu ya dari, krap! krap! krap! Theluji ikamwangukia Bi Mbweha kichwani. Kisha pua nyeusi, kubwa kama sufuria, ikapenya: fuu! fuu!

"Hodi!" sauti ikanguruma. "Nanusa maziwa. Nimekuja kuwaona watoto."

Bi Mbweha akarudi nyuma hadi ukutani. Aliogopa, wanangu, aliogopa mpaka mkia ukanywea. Doto akalia, wii, wii. Mama Dubu akajaribu kuinuka, akaanguka. Yule dume angejua mama hana nguvu, ingekuwa basi tena. Bi Mbweha akatoka nje.

"Ebo! Bwana Janadume, mwanamume mzima unaingia kwa mzazi kabla ya arobaini? Utasemwa nchi nzima!"

"Waache waseme. Nina njaa."

"Una njaa, ndiyo unataka kula panya? Maana ndivyo walivyo. Watakwama kwenye jino tu, halafu mama yao akuparure uso bure."

Janadume akajikuna shingo. "Wadogo hivyo?"

"Haki ya nani! Lakini mzazi akiletewa sili, yule mnyama wa bahari aliyejaa mafuta, maziwa yatafurika, watoto watanona. Siku ya kutolewa nje, wewe ndiye wa kwanza kuwapokea. Nani atakuzuia? Mimi huyu?"

Mate yakamdondoka Janadume, yakaganda kidevuni.

"Sili nitaleta. Lakini ukinidanganya, Mbweha, nitaanza na wewe."

Akaenda zake. Bi Mbweha hakuweza kutembea kurudi ndani. Alitambaa.

Tangu siku hiyo sili wakaletwa, puu! mlangoni. Na kila mara ile pua ikapenya darini. "Wamenona?"

"Bado kidogo, bwana."

"Bado, bado! Mpaka lini?"

Kila mara tundu lilizidi kupanuka. Siku atakayoingiza kichwa kizima, aliwaza Bi Mbweha, tumekwisha. Usingizi ukamkimbia. "Kula, shoga," akamsihi mzazi. "Acha kunitazama, kula!"

Naye Mama Dubu akala. Nyama, mafuta, hata ngozi.

Arobaini ikafika. Janadume alikuja mapema, amejilamba manyoya mpaka yanang'aa, sili mkubwa mdomoni kama mgeni wa heshima. Akamweka chini. "Hodi! Watoto watolewe!"

Bi Mbweha akatoka. "Karibu, bwana. Wanakuja na mama yao."

Grrraaa! Ukuta wa theluji ukapasuka. Mama Dubu akatoka, mabega mapana, shingo imejaa, meno nje. Nyuma yake Kulwa na Doto, wanene, wakichungulia kati ya miguu yake.

"Shemeji," akasema polepole, "ulikuja kuwapokea. Haya, sogea."

Janadume akayatazama yale mabega. Sili wake wote walikuwa pale, wamegeuka misuli. Akarudi nyuma kidogo, kisha akageuka, tifu! tifu! tifu! akatimua mbio mpaka asionekane tena.

"Bwana!" Bi Mbweha akampigia kelele. "Na huyu sili je?"

Wakamla huyo sili papo hapo, na kipande cha kwanza, kile chenye mafuta, akapewa mkunga.

Basi wanangu, mwenye tamaa huilisha kwa mikono yake mwenyewe nguvu itakayomfukuza.