Ugali wa Watu Wawili

Wapendwa, leo nimewaletea neno moja tu: kupunguza. Wataalamu wa lugha wana yao ya kusema juu ya asili ya maneno, nami siwaingilii. Lakini nikiwauliza ninyi mlilisikia wapi mara ya kwanza, nadhani wengi mtanijibu: jikoni. Punguza moto, uji utafurika. Punguza chumvi, baba yako ana presha. Mama Kyando anacheka kwa sababu ameyasema hayo leo leo asubuhi. Basi, linakotoka tunakujua. Je, linakokwenda?

Palikuwa na mama mmoja, wa huku huku kwetu kwenye baridi, aliyelea watoto wengi kwa sufuria moja kubwa. Wanawe wakakua, wakaoa, wakaenda kujenga kwao. Akabaki kitinda mimba, binti, na huyo ndiye aliyekuwa kicheko cha nyumba ile. Siku moja binti akasema amepata mchumba. Baba yake hakumtaka kijana yule, na wazee wetu mnawajua wakishasema hapana. Maneno yakapanda, mpaka baba akatamka, "Ukivuka mlango huu kumfuata huyo, ujue huna sahani hapa."

Binti akavuka.

Jioni mama alipoketi kusonga ugali, alichota unga ule ule wa siku zote. Ugali ukatoka mkubwa, wakala wawili, ukabaki. Kesho yake vivyo hivyo. Akajiambia ni mazoea ya mkono tu. Mazoea gani? Alikuwa anamngoja mtu! Kila alipoufunika ule ugali alitega sikio, na mbwa akibweka aliinuka kwenda mlangoni. Alitamani kumwona mwanawe mpaka akawa anawajua wapita njia kwa nyayo zao: huyu siye, huyu naye siye.

Asubuhi kiporo kilikuwa pale pale. Mumewe alikitazama, akanuna.

"Mama watoto, ugali wote huu unampikia nani?"

"Mkono umezoea, baba."

"Basi uzoeze upya. Tumebaki wawili. Punguza unga."

Msimhukumu haraka mzee yule. Hakuwa bahili. Kiporo kile kilikuwa kinamsema. Kila asubuhi kilimwonyesha kiasi ambacho binti yake angekula, naye hakuwa na pa kupeleka macho. Kuna wanaume hapa hawawezi kusema "namkumbuka mtoto wangu." Husema "punguza unga," wakachukua jembe, wakatoka.

Mama akakataa kwa kunyamaza, kama wanawake wanavyojua kukataa. Mvua zikaja zikaisha, mahindi yakavunwa, yakapandwa mengine. Hakuna salamu, hakuna simu. Wenzake wakamwambia, "Mwenzetu, huyo ameshakusahau, jipumzishe." Na tumaini nalo huchoka, wapendwa, tusidanganyane. Jioni moja akachota unga, akautazama, akaurudisha nusu kwenye debe. Akasonga ugali wa watu wawili. Machozi yakamtoka, wala hakuusingizia moshi. Akaufunika, akaenda zizini kumsaidia mumewe kufunga ndama.

Huku nyuma mtu akaingia uani.

Mgeni, mnajua, hupiga hodi akangoja kukaribishwa. Na mtoto wa nyumbani je? Mtoto wa nyumbani haulizi kama kuna chakula. Huingia jikoni moja kwa moja, akafunua sufuria. Ndivyo alivyofanya binti yule. Alikuwa ametembea na njaa, mtoto mchanga mgongoni, njia nzima akijifunza maneno ya kumwomba baba yake msamaha. Akafunua. Akaona ugali wa watu wawili. Akafunika.

Mama alipotoka zizini alimkuta jirani yake penye ua.

"Dada, mbona binti yako hata hajakaa? Nimepishana naye anaondoka, analia."

"Binti yangu yupi?"

"Kwani unao wangapi? Nimemwambia karibu hata kwangu unywe uji, na kichanga hicho mgongoni, akakataa. Akaniambia, 'Baba alisema sina sahani, nikadhani ni hasira tu. Nimechungulia jikoni, mama. Kumbe alikuwa anasema kweli.'"

Mama akakimbia. Kitenge kikamwanguka, hakukiokota. Alipofika barabarani hapakuwa na mtu, vumbi la gari ndiyo kwanza linatua. Akaliita jina la mwanawe mpaka sauti ikakauka.

Aliporudi alimkuta mumewe ameketi mbele ya ule ugali, hajaugusa. Jirani alikuwa amekwisha kumweleza.

"Huyo mtoto," mzee akauliza, "ni wa kiume au wa kike?"

"Sijui, baba. Sikumwona."

Mzee akainamisha kichwa. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ongeza unga."

"Sasa atakula nani?"

"Ongeza tu, mama. Nakuomba."

Mtaniuliza kama binti alirudi. Wazazi wake nao wanajiuliza hivyo hivyo kila jioni, wakishafunika ugali mkubwa.

Ndugu zangu, nani alimfukuza binti yule siku aliporudi? Kuna aliyemtukana? Kuna aliyemfungia mlango? Walipunguza unga, basi. Na hii ndiyo maana ya neno hili ambayo jikoni hatukufundishwa: unapopunguza, tazama vizuri, kile unachokitoa ulikuwa umemwekea mtu. Na mtu huyo huenda yuko njiani.

Sasa nageuka kwetu sisi, na tafadhali msiangalie saa. Baada ya Pasaka tulikaa kikao humu ndani. Tukasema watu wamepungua, mabenchi ya nyuma hayakaliwi, yanashika vumbi bure. Tukayatoa. Kanisa likapendeza, tukaonekana tumejaa, tukapongezana. Lakini nawauliza: mtu aliyekosana nasi, aliyekaa nje miaka, anayeona haya, akipata moyo wa kurudi Jumapili moja, huja kukaa benchi la mbele, karibu na kwaya? Wapi! Huingia wakati wa wimbo, watu wamesimama, ili asionekane, akatafuta benchi la nyuma kabisa. Ni wangapi wamefika pale mlangoni, wakachungulia, wakaona tumejipanga kwa hesabu yetu wenyewe, wakageuka bila hata kutuaga? Na kati yao, je, hakuna aliyezaliwa nyumbani kwako?

Mimi na wewe tulipotangatanga tukarudi, tulikuta chakula chetu kimefunikwa, bado cha moto. Mungu hakutupunguza. Tumepata wapi ujasiri wa kuwapunguza wengine?

Kwa hiyo ibada ikiisha, leo hakuna kukimbilia nyumbani. Akina baba vueni makoti, akina mama tafuteni vitambaa vya kufutia vumbi. Mabenchi yale yako stoo. Mzee Sanga, ufunguo unao wewe.