Bibi Aikande na Mwaka Masale Yalipong'olewa

Paukwa!

(Pakawa!)

Aa-aa! Hiyo ni pakawa ya watu wenye njaa. Paukwa!

(Pakawa!)

Haya, sasa mko hai. Wewe unayechambua maharage, endelea. Mikono ichambue, masikio yaje kwangu.

Kale, kale sana, babu wa babu yangu hajaota hata ndevu, palikuwa na kijiji mgombani, huko mlimani ambako maji ya mifereji hupita nyuma ya kila nyumba. Jina lake mwaliuliza la nini, mnataka kuhamia? Watu wake walikuwa Wakristo wapya. Walikuwa na kanisa la udongo na kengele ya kipande cha chuma. Ngaa! Ngaa! Ikilia, watu hao, mbio ibadani. Mchungaji alikaa mbali, akifika mara moja tu kila miezi mitatu.

Kijijini humo aliishi Bibi Aikande. Ndiye aliyetangulia wote kubatizwa. Alikuwa mfupi, mweusi tii, hasemi sana, hakai bure. Ukimkuta hana panga ana jembe, ukimkuta hana jembe ana mzigo wa majani ya mbuzi.

Sasa nyie mliozaliwa juzi, niwaambie habari ya masale. Sale ni mmea wa majani marefu, mabichi mwaka mzima. Watu wa mgombani waliyapanda mstari kuzunguka kihamba, yaani shamba la nyumbani. Huku kwangu, kule kwako. Ndio mpaka. Na mmea huohuo ulikuwa na kazi nyingine. Ukimkosea mwenzako, hata kosa liwe kubwa namna gani, unachuma jani la sale, unalishika kwa mikono miwili, unampelekea. Akiliona, hasira chini. Anasamehe. Hapakuwa na mtu aliyewahi kulikataa jani lile.

Mmeelewa? Mtaelewa.

Basi, mpiga kengele wa kanisa aliitwa Elisaria. Moyo mzuri, sauti kubwa, na tumbo, jamani, lile tumbo! Siku moja akaenda kwenye mkutano mkubwa wa Injili, safari ya siku mbili kwa miguu. Mhubiri akasimama. Akasema kwamba hakuna mtu anayeokolewa kwa kushika sheria. Tunaokolewa kwa neema. Elisaria akaruka. "Haleluya!" Mhubiri akanyamaza kidogo anywe maji, na papo hapo harufu ya supu ikapita, fuu! Elisaria akaifuata.

Akarudi kijijini anaimba. Akapiga kengele, ngaa, ngaa, watu wakajaa.

"Ndugu zangu! Sheria?"

Wakatazamana.

"Semeni imekwisha! Sheria?"

"Imekwisha!"

"Neema?"

"Tele!"

Ikawa ndiyo salamu. Sheria? Imekwisha! Neema? Tele! Ukikutana na mtu mferejini, hivyo. Ukienda kuomba moto kwa jirani, hivyo.

Jumapili ya kwanza kengele haikulia. Mpiga kengele alikuwa amelala, kwani kuitunza siku ya Bwana si sheria? Wiki ya pili, kuku wa mjane mmoja akapotea, na manyoya yakaonekana kwa jirani. Jirani akafuta mdomo. "Neema tele, mama!" Mjane akageuka, akaenda zake. Wiki ya tatu, kijana mmoja alimjibu mama yake maneno ambayo sitayarudia hapa, maana ninyi ni wepesi wa kujifunza.

Na wiki ya nne Elisaria akaja na jipya. "Ndugu zangu, mpaka ni nini?"

"Ni mpaka!"

"Mpaka ni sheria! Na sisi ni ndugu. Ndugu hawagawanyiki. Ng'oeni masale!"

Wakang'oa. Nyofo! Nyofo! Nyofo! Kihamba hiki, nyofo! Kihamba kile, nyofo! Wanacheka, wanaimba, wanatupia mbuzi. Wakafika kwa Bibi Aikande, naye amesimama mbele ya masale yake, panga mkononi, maana alikuwa anakata majani.

"Bibi, tumekuja kukusaidia kung'oa."

"Nani kawaambia nahitaji msaada?"

"Bibi, tuko kwenye neema siku hizi."

"Mimi niko kwenye neema tangu wewe hujaota meno," akasema Bibi, "na masale yangu ndiyo haya. Elisaria, yule mhubiri aliposema sheria haiokoi, halafu akasemaje?"

Elisaria akajikuna shingo. "Halafu... nilikuwa kwenye supu."

Watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Lakini mnadhani walirudisha masale? Wapi! Wakamwacha bibi na mambo yake ya kizamani, wakaendelea mbele. Nyofo! Nyofo!

Elisaria alikuwa na jirani, Nderingo. Hao walikuwa marafiki toka utoto, waliochunga mbuzi pamoja, waliopigwa fimbo pamoja. Mke wa Nderingo, Ndelilio, alikuwa mjamzito wa siku zake za mwisho, na Nderingo alikuwa amemtunzia mkungu mmoja mkubwa wa ndizi, kando kabisa pale mpakani. Mama akijifungua, apikiwe mtori, ile supu nzito ya ndizi, ashibe, maziwa yatoke. Kila asubuhi alikuwa anaupitia mkungu ule, anaugusa, anatabasamu. Kijiji kizima kilijua. Hata ndege walijua.

Siku moja wakwe wa Elisaria wakamtembelea bila taarifa. Jikoni, patupu. Elisaria akatoka na panga, akafika pale. Mkungu huo, umenona, umeinama. Moyo ukamwambia, "Elisaria, hizo ni za mzazi." Tumbo likajibu, "Kwani mpaka uko wapi?"

Kacha! Mkungu chini.

Wakwe wakala, wakasifu, wakaenda zao.

Siku ya pili yake, alfajiri, Ndelilio akajifungua. Mtoto wa kike, mzima, ana kelele. Nderingo akanoa panga, akaenda mgombani akiimba. Wimbo ukamkatikia mdomoni. Mgomba upo, mkungu haupo. Akafuata matone ya utomvu, tone, tone, tone, mpaka mlangoni kwa rafiki yake. Na hapo maganda, lundo zima.

"Elisaria! Toka nje!"

Elisaria akachungulia. Akaliona panga. Akayaona macho, na macho yale ndiyo yaliyomtisha kuliko panga. Akatokea mlango wa nyuma.

Akakimbia kutafuta jani la sale. Ti-ti-ti-ti! Akafika nyumba ya kwanza. "Ndugu, nipe jani moja la sale!" "Si tuling'oa?" Ti-ti-ti-ti! Nyumba ya pili. "Mama, jani moja tu!" "Si wewe ndiye uliyesema?" Ti-ti-ti-ti! Kwa yule mjane. "Mama, nakuomba, jani!" Mjane akamtazama. "Neema tele, baba," akasema, akafunga mlango.

Na huko nyuma Nderingo anakuja, hakimbii. Anatembea tu. Mtu anayetembea hivyo, wanangu, ni wa kuogopwa.

Elisaria akafika kwa Bibi Aikande, anahema kama mbwa. Bibi alikuwa anamkatia mbuzi mgomba. Chwa! Chwa! Na nyuma yake masale, mstari mzima, yamestawi.

"Bibi, jani!"

"La nini?"

"Kuna... kuna kutoelewana kidogo na Nderingo."

Chwa! Chwa! "Kutoelewana hakuombewi jani. Umefanya nini?"

"Bibi, ni ndizi tu. Na mpaka haukuwepo."

Bibi akaweka panga chini. "Elisaria, sikiliza. Kama sheria imekwisha, huna kosa. Kama huna kosa, jani la nini? Nenda nyumbani ukalale."

Elisaria akasikia hatua za Nderingo zinakaribia. Na hapo, jamani, yule mtu mwenye sauti kubwa kuliko kengele akaanza kulia, analia kabisa.

"Bibi, nimeiba. Nimeiba chakula cha mzazi. Nilijua ni chake. Nilijua kabisa."

"Ehee," akasema Bibi Aikande taratibu. "Hilo sasa lina jani."

Akachuma, akampa. Hakumpa sharti hata moja. Elisaria akasema, "Bibi, ngoja kwanza nikakate mkungu wangu mimi, niende nao."

"Acha mkungu. Nenda na jani tupu. Msamaha haununuliwi kwa ndizi. Ndizi utampelekea baadaye, ukishasamehewa, nazo zitakuwa tamu zaidi."

Elisaria akageuka. Nderingo amesimama hapo hapo. Elisaria akalishika jani kwa mikono miwili, akapiga magoti.

"Nimekuibia, ndugu yangu. Nimemwibia mkeo. Nimemwibia na mtoto aliyezaliwa leo."

Hata mbuzi aliacha kutafuna. Nderingo akaliangalia jani, akaliangalia panga, akaliangalia jani. Halafu panga likaanguka, kwa!, akalipokea jani.

"Inuka," akasema. "Inuka, mjinga wewe. Inuka uje umwone mtoto."

Siku hiyohiyo Elisaria akapeleka mkungu, na wa pili, na wa tatu. Ndelilio akanywa mtori mpaka akasema basi. Na kesho yake, jua halijapanda, Nderingo akasikia jembe mpakani. Puu! Puu! Akatoka. Elisaria ana mafungu ya miche ya masale kutoka kwa Bibi Aikande, anapanda.

"Wee, nimeshakusamehe! Unapanda nini tena? Unadhani nitabadilika?"

"La," akasema Elisaria, jasho linamtoka. "Ningepanda jana, ningepanda kwa kuogopa panga lako. Leo napanda kwa kuwa umeshanisamehe, na sitaki kukuumiza tena."

Nderingo akaenda kuchukua jembe lake.

Jumapili kengele ikalia, ngaa, ngaa, mapema kuliko siku zote. Elisaria akasimama mbele, akasema aliwafundisha nusu ya Neno kwa sababu ya bakuli la supu, na anawaomba radhi. Akaketi. Kila mmoja akaangalia miguu yake. Bibi Aikande akainuka, na mara nyingi alikuwa hainuki.

"Wanangu," akasema, "kwa Baba hatuingii kwa kushika sheria. Tumebebwa tukaingizwa, wachafu vilevile. Lakini mtoto aliyeingizwa nyumbani hujifunza adabu za nyumbani. Hajifunzi ili asifukuzwe. Anajifunza kwa sababu pale ni kwao."

Akaketi. Ndiyo hotuba yake ndefu kuliko zote, na hakuirudia.

Ibada ilipokwisha hakuna aliyekwenda nyumbani. Walikwenda kwa Bibi Aikande. Wa kwanza alikuwa yule mla kuku, kichwa chini. Akachuma jani, akashika njia ya kwa mjane. Akafuata yule kijana wa maneno mabaya, akachuma, akaenda kwa mama yake. Mwingine akachuma mawili. Mwingine, sitamtaja, akachuma matano. Hadi jua linaegemea, masale ya Bibi Aikande yalikuwa vijiti vitupu toka mwanzo wa mstari mpaka mwisho.

Nderingo akashika kichwa. "Bibi, wamekumalizia!"

Bibi Aikande akacheka, na meno yake matatu yote yakaonekana. "Waache," akasema. "Yamefanya kazi yake. Yataota."

Basi, wanangu: sheria ya Mungu haimwokoi mtu, lakini asiyeijua hatajua aombe msamaha wa nini, wala aliyesamehewa hatajua ampende jirani yake vipi. Mimi nilivyoipokea ndivyo nilivyoitoa. Ngano yangu imekomea hapo.