Kicheche Aliyefuga Bata Mzinga wa Sikukuu

Paukwa!
Pakawa!
Nyie wa nyuma mmelala? Paukwa!
Pakawaaa!

Haya. Zamani hizo, kale na kale, alikuwepo Kicheche, mwizi wa kuku. Kila sikukuu aliiba kwa Mama Kuku, akafunga mlango, akala peke yake.

Mwaka mmoja upweke ukamchosha. Akasimama mbele ya wanyama wote akasema, "Sikukuu ya mavuno njooni kwangu. Nitawalisha bata mzinga niliowafuga mwenyewe."

Wakacheka, kwa! kwa! kwa! Mzee Nungunungu akafuta machozi. "Wewe ufuge? Utawamaliza hata manyoya hawajaota!"

Uso ukamwiva Kicheche. "Mtaona," akasema.

Akaenda kumlimia Nguruwe siku saba. Akalipwa vifaranga watano wa bata mzinga, majike watupu. Akawamwagia chenga za mahindi. Vifaranga wakasimama tu. Hawali. Wanamtazama.

"Kuleni basi!"

Wapi!

Kicheche akapiga magoti, akadonoa chini kwa pua yake. Do! Do! Do! Vifaranga wakaangalia. Nao do! do! do! Kumbe hawakujua kula, walingoja kufundishwa.

Mvua ikaja, ndo ndo ndo. Vifaranga wakatetemeka. Kicheche akawalalia kwa tumbo lake hadi ikakatika. Akachuma mchicha, akakatakata. Akafagia banda. Wakakua, wakanenepa, wakamfuata kila aendako, kwio kwio kwio, "Baba! Baba!"

Zikabaki siku tatu sikukuu ifike. Jua la mchana likiwaka, akaja Ngawa, mwenzake wa wizi.

"Ndugu yangu, tugawane. Watatu wangu, wawili wako."

"Hapana."

"Tangu lini Kicheche akasema hapana?"

Ngawa akaruka bandani. Kicheche naye akaruka. Puu! Vumbi likatimka. Kicheche akang'atwa sikio, lakini hakuachia, hadi Ngawa akatoka mbio, mkia chini.

Kicheche akaketi. Akahesabu: mmoja, wawili, watatu, wanne, watano. Akahesabu tena. "Kumbe Mama Kuku alikuwa akihesabu hivi," akasema. "Kila nilipotoka kwake."

Asubuhi ya sikukuu akanoa kisu, kwiri, kwiri. Bata mzinga mkubwa akanyoosha shingo.

"Baba, kisu cha nini?"

"Cha vitunguu."

"Mbona unalia, na vitunguu bado?"

Kicheche akakitupa kisu. "Nimewaahidi watu nyama yenu, wanangu. Na siwezi. Watanicheka hadi mwakani."

Bata mzinga wakatazamana. "Njoo," wakasema. Wakamwongoza nyuma ya banda, kwenye nyasi ndefu. Lo! Mayai! Makubwa, yenye madoadoa, thelathini na zaidi!

"Tunataga hapa wiki ya tatu sasa."

"Mbona mlinificha?"

"Baba, sifa zako tulizisikia."

Kicheche akacheka hadi akakaa chini. Akawasha moto. Akachemsha mayai, akayapika kwa nazi na vitunguu, akapika na wali.

Wageni wakafika. Mzee Nungunungu akachungulia sufuria. "Bata mzinga wako wapi?"

Kwio kwio kwio! Wakapita mbele yake, wanene, wanang'aa. Nungunungu akahesabu kwa sauti, "Mmoja. Wawili. Watatu. Wanne. Watano! Jamani, Kicheche hajala hata mmoja!"

Uwanja mzima ukapiga vigelegele. Nungunungu akala sahani tatu.

Kicheche akachukua bakuli la mtama, akaenda uani. Mama Kuku alikuwa amesimama mbali, watoto nyuma yake.

"Mama, nilikukosea. Mara nyingi. Nisamehe."

Mama Kuku akamtazama sana, akalitazama na sikio lililong'atwa. "Weka bakuli chini," akasema. "Rudi nyuma hatua kumi."

Akarudi hatua kumi. Mama Kuku akageuka, akawaambia watoto, "Haya, kuleni."

Basi wadogo kwa wakubwa, mafunzo ni haya: ukitaka kujua uchungu wa mali ya mwenzio, lea yako kwa mikono yako. Na kitu ulichokilea wewe, hata kikiwa kidogo, kinatosha kukaribishia wageni.

Hadithi yangu imekomea hapo. Mwenye njaa akaangalie jikoni.