Shahidi Asiye na Ukurasa

Wapendwa, kabla sijawaudhi, nifuateni kidogo mpaka maktaba ya mahakama, mchana ule wa joto ambapo feni inazunguka polepole utadhani nayo imekata tamaa ya ajira.

Ameketi pale kijana mmoja. Amesoma sheria, ana degree, ana suti moja, kazi hana. Amezungusha bahasha za kaki mji mzima, na kila mlango unamwambia "we will get back to you". Nani amewahi kurudiwa na hao watu? Hasira zimemkaa kooni. Lakini leo ametulia, ana raha ya ajabu, kwa kuwa mbele yake kuna kazi anayoiweza. Anaandika hoja za rufaa.

Rufaa ya nani? Ya jirani yake, fundi baiskeli, aliyefungwa miaka thelathini kwa uporaji wa dukani. Jioni duka lilipovamiwa, fundi alikuwa kibarazani kwake anakaza mnyororo wa baiskeli. Baiskeli ya nani? Ya kijana huyu huyu! Walikaa pamoja wakitafuna karanga na kuwasema wabunge mpaka giza likawakuta. Kesi ilipokaribia, fundi akamwendea. "Mdogo wangu, njoo useme tu tulivyokuwa."

Kijana akajikuna kichwa. "Bro, siku hiyo nina interview. Halafu jina langu likionekana kwenye kesi ya jinai, CV imekwisha. We usiwe na presha. Wakikufunga, appeal ipo. Nitakuandikia rufaa mpaka majaji wavue miwani."

Kwenye interview alikwenda. Kazi hakupata. Fundi akaenda ndani.

Na ahadi yake kijana ameishika, tusimwonee. Anaandika, wapendwa, anaandika! Kumbukumbu za kesi, lile bunda lenye kila neno lililosemwa mahakamani, amelipitia kama mama anayechagua mawe kwenye mchele. Hapa shahidi kasema umeme ulikuwa umekatika. Kule mbele shahidi huyo huyo kasema alimtambua fundi kwa sura. "It is humbly submitted," anaandika, na kalamu inateleza yenyewe. Maneno makali aliyomwandikia hakimu ameyafuta. Sababu za rufaa zilikuwa msururu, amezipunguza zikabaki tatu, maana majaji nao ni watu, wanachoka. Kila hoja ina namba ya ukurasa pembeni yake. Akafika ile ya tatu, hoja kubwa, kwamba jioni ile fundi alikuwa nyumbani kwake.

Feni ikazunguka. Herufi zikaanza kuelea.

Akajiona amesimama kwenye ukumbi mweupe usio na dari, amevaa joho jepesi kama moshi. Karatasi zinadondoka kutoka juu, taratibu, kama maua ya mjakaranda, na hakuna hata moja inayofika chini. Majaji watatu wameketi mbali kidogo, sura zao zina ukungu, sauti zao za upole. Upole ule ndio uliompa baridi. Na kizimbani yupo fundi, ameshika mnyororo wa baiskeli, anaufuta vumbi kwa kitambaa, hana haraka.

"Endelea, msomi," akasema jaji wa katikati.

"Waheshimiwa, fundi hakuwa dukani. Alikuwa kibarazani kwake, na jirani yake."

"Ukurasa wa ngapi?"

Kijana akafunua. Kurasa zilikuwa laini, zinampita vidoleni kama maji. Akayaona maneno ya fundi: Nilikuwa na jirani yangu. Nilimwomba aje. Hakuja. Chini yake, peupe.

"Na huyo jirani alisema nini?"

"Waheshimiwa, ni mimi! Nilikuwepo! Karanga nilikula mimi! Niapisheni sasa hivi!"

Majaji wakatazamana. "Msomi, hapa tunasoma waliokwisha kusema. Kuna kamlango ka ushahidi mpya, kweli, lakini ni ka shahidi aliyekuwa hapatikani. Wewe ulipatikana. Uliombwa. Ulisema lini, ukurasa gani?"

"My Lords, nilikuwa na interview."

"Hiyo nayo haimo."

Akageuka kwa fundi, angalau atukanwe, apumue. Fundi akamtabasamia vile vile kama jioni ile. "Usijali, mdogo wangu. Baiskeli inakwenda vizuri?"

Kijana akazinduka, shavu limelalia karatasi, limeshika wino. Mke wa fundi alikuwa amesimama kando ya meza.

"Shemeji, umefika wapi?"

"Nimefika mwisho."

"Umeandika vizuri?"

"Vizuri sana, shemeji."

"Kwa hiyo atatoka?"

Kijana akaiangalia kazi yake. Hoja mbili zilikuwa na miguu, pengine zingefika. Ya tatu, ile ambayo ingemfungulia mtu mlango moja kwa moja, ilikuwa sentensi nzuri kuliko zote, na pembeni yake hapakuwa na namba. Akachukua kalamu, akaikata hoja hiyo kwa mstari.

Sasa sisi. Msimcheke mwanasheria wangu. Sisi ndio mabingwa wa rufaa, au nasema uongo? Mtu akiwa hai tuko busy. Akizikwa, ooh, tuna wasifu wa kutoa machozi, tuna status, tuna maombi marefu yenye Kiingereza ndani. Tunadhani Mungu atasoma mwandiko wetu avue miwani. Atauliza kitu kimoja tu: ukurasa wa ngapi? Na ukurasa unaandikwa leo, wapendwa, kwenye mahakama ya chini, yenye benchi bovu na karani mkali, siku ambayo una interview.

Nimalize. Jumanne kesi ya kijana wa mama yetu anayetuuzia vitumbua hapo getini inasikilizwa. Wanasema jioni moja alipigana stendi. Jioni hiyo alikuwa humu ndani ya kanisa, mazoezi ya kwaya, anapiga ngoma, na kwaya nzima mnajua. Nimewauliza mmoja mmoja. Mmoja ana harusi, mwingine ana bosi, mwingine kaniambia, "Tutamwombea."

Leo sitaki maombi. Nina kalamu hapa. Nani anakuja Jumanne? Simama, nikuone.