Kwa Nini Kwetu Jina Hutangulia Mguu

"Kila mtu hapa anafunua mlango bila kusema neno, Baba Robhi! Utawapiga wote?"

"Nitampiga anayetaka ng'ombe wangu."

"Na utamjuaje, naye yuko nyuma ya ngozi?"

Ndivyo Weisiko alivyokuwa akigombana na mumewe Nyamhanga, mchana mmoja wa mvua, enzi ambazo watu wa mlima wetu walikuwa hawajui kuita mlangoni. Milango ilikuwa ngozi za ng'ombe zilizoning'inizwa. Mtu alikuja, akafunua, akaketi. Aliyejitaja jina alionekana anajitenga, kama mgeni asiye na ndugu.

Lakini mwaka ule wezi wa mifugo walikuwa wamevamia maboma matatu. Nyamhanga hakulala vizuri tena. Kila jani lililoanguka lilimshtua. Alikuwa na bastola aliyorudi nayo kutoka vita vya ng'ambo, na hakumwambia mtu aliipataje. Sasa alikaa nayo mapajani, hatua sita kutoka mlangoni, jasho likimtoka ingawa kulikuwa na baridi.

Weisiko alimwomba aiweke chini, maana binti yao Robhi, mtoto wa miaka saba, alikuwa ameenda kuteka maji na mvua ilikuwa imemkuta huko. Nyamhanga badala yake alitoa risasi moja mfukoni akamwonyesha. Ilikuwa fupi na nene, kichwa chake mviringo kama ncha ya kidole gumba.

"Hii ilitengenezwa zamani kwa askari wa farasi," alisema. "Walitaka risasi ya kumwangusha farasi pamoja na mtu wake. Ni nzito, ndiyo maana haina mbio. Mlio wake unaipita njiani. Ukiwa mbali, unasikia kwanza, ndipo inakufikia."

"Basi risasi yako ina adabu kukushinda," Weisiko alimjibu. "Yenyewe inapiga kelele kabla ya kuingia."

Mvua ilizidi kupiga nyasi za paa, na hatua za nje hazikusikika tena. Weisiko alisimama aende kumpokea mtoto njiani. Kabla hajapiga hatua, ngozi ya mlango ilitikisika.

Nyamhanga alilenga mahali kifua cha mwanamume mrefu kinapokuwa, akafyatua. Kwa hatua sita, mlio na risasi ni kitu kimoja. Hakuna anayepata nafasi ya kusikia. Ngozi ilitoboka. Nje kitu kilipasuka, na maji yakamwagika mengi. Ganda tupu liliruka kutoka kwenye bastola, likaanguka karibu na jiko, likitoa moshi.

Weisiko aliifunua ngozi kwa mikono miwili. Robhi alikuwa amesimama pale pale, amelowa, mikono yake bado iko juu, imeshika mtungi ambao haukuwepo tena. Vigae vilikuwa vimejaa miguuni pake. Risasi ilikuwa imepita kidogo tu juu ya nywele zake, ikapasua mtungi, ikaenda kujikita kwenye nguzo ya zizi.

"Baba," aliuliza, "nimekosea nini?"

"Hujakosea," mama yake alimjibu. "Baba yako anaogopa." Nyamhanga aliitupa bastola kwenye shimo la choo. Weisiko aliliokota ganda, akalifunga kwa ukambaa kwenye mwimo wa mlango. Alisema kama risasi inaweza kutanguliza sauti yake, basi na watu wataweza.

Na tangu siku hiyo, kila nyumba ya mlima wetu ina kipande cha chuma mlangoni, hata nyumba za bati zenye kufuli. Anayekuja hukigonga kwa ukucha, hutaja jina lake, kisha huuliza swali moja na kusimama. Haingii mpaka aliye ndani amjibu kwamba haogopi. Watoto huuliza wakicheka, na wageni hudhani ni utani.

Aliyeuliza wa kwanza hakuwa anatania. Ilikuwa kesho yake asubuhi, ana mtungi wa kuazima kichwani, na baba yake yuko ndani. Aligonga ganda lile mara moja, akarudi nyuma hatua mbili.

"Ni mimi, Robhi. Baba, bado unaogopa?"