Helikopta Katika Uwanja wa Ng'ombe

Wahenga waliposema kwamba mcheza kwao hutunzwa, hawakusema kwamba hushinda. Kushinda ni jambo jingine. Mtu anaweza kucheza kwao akaanguka kifudifudi mbele ya mama yake mzazi. Walichosema ni kwamba anayecheza mbele ya watu wake, huku akiiweka mbele heshima yao, hatoki uwanjani mikono mitupu. Kisa cha Othman wa Mtambile, kisiwani Pemba, kinatosha kuipima methali hiyo.

Ilikuwa mwaka 1961, msimu wa kaskazi. Manowari ya Waingereza ilikuwa imetia nanga mbali kidogo na Mkoani, na juu ya sitaha yake zilikaa helikopta za mafunzo. Kila asubuhi ziliruka kwenda kisiwani, kila moja na mwalimu na mwanafunzi wake. Jeshi lilitaka marubani wake wajue kutua mahali pafinyu, baina ya miti na vilima, na Pemba haijawahi kupungukiwa na miti wala vilima. Watu wa kisiwani, kwa kuziona zikining'inia hewani bila kwenda mbele wala nyuma, waliziita kereng'ende.

Katika tumbo la helikopta moja alikuwamo Othman. Alikwenda Mombasa kutafuta kazi bandarini, akaandikwa ubaharia, akaanza kwa kuosha masufuria katika jiko la manowari. Baadaye, kwa kuwa alikuwa msikivu na hakuogopa kimo, alichukuliwa kusaidia katika mafunzo ya marubani. Kazi yake ilikuwa hii: rubani hukaa juu, mbele, na hawezi kuona kilicho chini ya magurudumu wala nyuma ya mkia. Basi Othman alijilaza kwa tumbo katika mlango ulio wazi, akachungulia chini, akasema kwa chombo kilichofungwa mbele ya mdomo wake: kulia, kushoto, mbele, shuka. Rubani alimfuata kama kipofu anavyoifuata fimbo yake.

Lakini Othman alikuwa na ila moja. Alipenda kulipima neno kabla ya kulitoa. Kwa mtu wa barazani hiyo ni sifa. Kwa mtu wa mlangoni mwa helikopta ni hatari. Katika mazoezi ya Aden neno lake lilichelewa, na mkia ukafagia kichaka cha miiba. Hakuna aliyeumia, ila Bwana Harwood, mwalimu wa urubani, hakulisahau.

"Othman," alimwambia asubuhi ile walipokuwa wakifunga mikanda, "ukichelewa tena leo, kesho utarudi jikoni. Sikuchukii. Lakini nina mwanafunzi wa kumrudisha kwao akiwa mzima."

"Nimefahamu, Bwana," alijibu Othman.

Alifahamu hata zaidi ya alivyoambiwa. Idd iliyopita alikuja nyumbani kwa likizo, akamkuta mama yake, Bi Mwanamize, amekaa na wenzake wakichambua karafuu. Jecha, mpiga ngoma wa mchezo wa ng'ombe na bingwa wa mzaha wa Mtambile nzima, alipita hapo akasimama.

"Ewe Othman," alisema kwa sauti ya kusikiwa na wote, "hebu tuambie ukweli. Huko manowarini unaruka na ndege, au unaruka na sufuria?"

Wanawake walicheka hadi karafuu zikawamwagika mapajani. Bi Mwanamize hakucheka. Aliendelea kutenga karafuu na makonyo, vile vijiti vyake, kisha akasema taratibu, "Mwanangu hasemi uongo." Maneno hayo matatu yalimlemea Othman kuliko kicheko chote kile. Mzaha wa Jecha ungepita na upepo. Ahadi ya mama yake kwa watu ingebaki. Akirudishwa jikoni, mama yake ndiye atakayeonekana mwongo.

Helikopta ilipaa. Mwanafunzi wa siku hiyo, kijana aliyeitwa Pelly, alikuwa na mashavu mekundu na viganja vilivyolowa jasho. Walivuka mikoko, wakapita juu ya vilima vya mikarafuu vilivyosongamana kama vichwa vya watu msikitini siku ya Ijumaa. Bwana Harwood alitazama ramani, akaonesha kwa kidole uwazi mmoja mweupe ulio kando ya nyumba chache.

"Tua pale," alimwambia Pelly. "Othman, tuongoze."

Othman alichungulia. Uwazi ule haukuwa mweupe kwa mchanga. Yalikuwa majamvi, jamvi kando ya jamvi, na juu yake karafuu zilizoanikwa, zimeanza kugeuka hudhurungi. Upepo wa panga za helikopta ulikwisha kuzifikia pembe za majamvi ya kwanza. Wanawake walitoka mbio majumbani, wakakamata majamvi huku na huku, na ingawa hakuweza kuwasikia, Othman alijua vizuri wanachokipigia kelele: "Mvua! Mvua hiyo! Anueni!" Jua lilikuwa kali, wingu halikuwapo hata moja, lakini Mpemba akiona upepo wa ghafla juu ya karafuu haangalii mbingu. Huanua kwanza, akauliza baadaye.

Safari hii Othman hakulipima neno. "Paa!" alisema. "Paa, tusitue hapa!"

Pelly aliipaisha helikopta kwa mshtuko. Bwana Harwood aligeuka, uso umemkunjamana. "Kuna nini? Mti? Waya?"

"Karafuu, Bwana. Watu wameipanda miti kuzichuma, wamezianika siku kadhaa. Tukitua, zitaruka zote zikaingie vichakani."

"Othman, hili ni zoezi la kijeshi."

"Najua, Bwana. Lakini siwezi kumwongoza mtu kutua juu ya jasho la watu wetu."

 Othman alihisi kwamba amejirudisha kwenye masufuria kwa mkono wake mwenyewe. Hata hivyo alitoa mkono mlangoni, akawapungia wanawake wale kuwaonesha kwamba wanakwenda zao. Mmoja wao, mwenye jamvi kichwani, alisimama akamtazama sana.

Bwana Harwood hakuwa dhalimu. Alifikiri, kisha akasema, "Vizuri. Umekataa pangu, basi tafuta pako. Na unitue salama. Usipoweza, tumemalizana."

"Nyuma ya kilima kile, Bwana," alisema Othman. "Pana uwanja."

Uwanja huo aliujua kama kiganja chake. Ulikuwa uwanja wa mchezo wa ng'ombe wa kwao Mtambile, bonde dogo lililozungukwa na mikarafuu na minazi. Tangu utotoni aliingia humo akiwa mshika kamba wa Mzee Silima, mchezaji ng'ombe, mtu wa kumkabili fahali kwa guo, aliyesifika kusini yote ya kisiwa. Mshika kamba ndiye anayemlegezea ng'ombe au kumzuia, na hafanyi hivyo kwa akili yake. Hufuata guo jekundu la mchezaji. Guo likipepewa kulia, ng'ombe avutwe kulia. Likiinuliwa juu, azuiwe. Likishushwa polepole, kamba ilegezwe. "Usimtazame ng'ombe," Mzee Silima alikuwa akimwambia. "Ng'ombe atakutia hofu. Litazame guo langu."

Walipokiruka kilima, Othman alikuta asichokitarajia. Uwanja ulikuwa umejaa watu. Siku ile ndiyo iliyokuwa siku ya mchezo! Zumari zilikuwa zikilia, wanawake wamekaa mteremkoni kwa kanga zao za rangi zote, na fahali mweusi amefungwa kwenye mnazi pembezoni. Watu walipoiona helikopta inakuja juu yao, walikimbilia mitini kama kuku walioona mwewe, na katikati pakabaki patupu.

"Panatosha?" aliuliza Bwana Harwood.

"Panatosha, Bwana."

"Kwa neno lako, Othman."

Pelly alianza kushuka. Wakati wote wa kaskazi ardhi ya bonde lile ilikuwa haijaonja mvua, na upepo wa panga ulipoifikia, vumbi jekundu liliinuka kama moshi wa tanuu. Othman hakuona chini. Hakuona nyuma. Alijua kwamba mahali fulani karibu na mkia pana mnazi, lakini hakujua ni karibu kiasi gani. Ulimi ukawa mzito kinywani mwake kama nanga.

"Othman!" Pelly aliita. "Nisemeshe! Niende wapi?"

Hapo ndipo alipomwona. Katikati ya vumbi, mahali ambapo kila mwenye akili alikwisha kupakimbia, palisimama mtu mmoja mwembamba, kanzu imemganda mwilini kwa upepo, miguu ameikita ardhini. Mkononi mwake alikuwa na guo jekundu.

Mzee Silima aliitazama helikopta ile kama alivyowatazama mafahali kwa miaka thelathini. Akalipepea guo kulia.

"Kulia," alisema Othman. Neno lilitoka lenyewe, halikupimwa.

Guo likainuliwa juu.

"Simama hapo! Usisogee."

Vumbi lilipasuka kidogo, akauona mnazi: makuti yake yalikuwa yakitikisika nyuma ya mkia, kiasi cha mtu kuyagusa kwa upondo. Guo likavutwa mbele.

"Mbele. Mbele taratibu. Mbele bado."

Othman hakutazama tena ardhi, wala miti, wala mkia. Alitazama guo tu, na sauti yake ikawa kamba. Mzee alipiga hatua nyuma, helikopta ikamfuata. Akapiga nyingine, ikamfuata. Watu waliokuwa mitini walisema baadaye kwamba hawajapata kumwona fahali mtiifu kama yule. Kisha guo likashushwa, polepole, mpaka likagusa vumbi.

"Shuka," alisema Othman. "Shuka. Shuka... Tumefika."

Magurudumu yaliikalia ardhi kwa upole kama mtu anayemlaza mtoto aliyekwisha kusinzia.

Panga zilisimama. Bwana Harwood aliteremka, akautazama mnazi, akautazama mkia, akamtazama yule mzee aliyekuwa akikung'uta kanzu yake.

"Ni nani yule?" aliuliza.

"Mwalimu wangu, Bwana."

"Alikufundisha nini?"

"Ng'ombe."

Bwana Harwood hakuwa mtu wa kucheka ovyo, lakini siku hiyo alicheka. Akamwendea Mzee Silima, akampa mkono, mwalimu kwa mwalimu. Kisha akamgeukia Othman. "Mlango ule ni wako," alisema. "Na leo umenifundisha kwamba mwongozaji mzuri hujua pia mahali pasipofaa kutua."

Othman alimkaribia mzee wake, akainama. "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umenenepa."

"Ulinijuaje, Mzee, na vumbi lote lile na kofia hii?"

"Nilimwona mtu kajilaza mlangoni, mguu mmoja kaupinda nyuma," alisema Mzee Silima. "Tangu umri wa kushika kamba hukuacha kuupinda mguu huo. Nikasema, kumbe kamba ya dude hili iko mikononi mwa mtu wangu. Basi niogope nini?"

Hapo watu walishuka kutoka mitini na mteremkoni kama maji yaliyofunguliwa. Kabla hawajamfikia vizuri, kundi la wanawake lilitokea kwenye njia ya kilimani, likihema, majani yamewang'ang'ania nguoni. Mbele yao alikuwa Mwanapili, yule wa jamvi kichwani.

"Yuko wapi?" alipiga kelele. "Yuko wapi aliyetupungia mkono? Wallahi liliteremka juu ya karafuu zetu, nikasema leo tumekwisha. Nikamwona mtu mlangoni anapunga, na dude likaondoka!" Alimwona Othman, akasita. "Ala! Mwana wa Bi Mwanamize!"

Katika mchezo wa ng'ombe wa Pemba, anayesimama imara mbele ya fahali hatunzwi kwa maneno. Wanawake humvisha kanga mabegani. Mwanapili alikuwa wa kwanza. Akafuata mwingine, na mwingine, mpaka Othman akawa haonekani shingo. Walimvisha Mzee Silima. Walimvisha hata Pelly, ambaye mashavu yake yalizidi kuwa mekundu kuliko guo, akawa anauliza kwa mikono kama atazirudisha baadaye.

Bi Mwanamize alikuja mwisho, kwa mwendo wake uleule wa siku zote. Alikuwa amevaa doti mpya kwa ajili ya mchezo. Alivua upande wa juu, akabaki na mtandio wake, akauzungusha mabegani mwa mwanawe, akaukaza fundo kifuani kama alivyokuwa akimfunga akiwa mdogo anakwenda chuoni kusoma Kurani. Hakulia. Aligeuka tu akamtafuta mtu mmoja katika umati.

"Haya, Jecha," alisema. "Sufuria hilo."

Uwanja mzima ulipasuka kwa kicheko. Jecha aliinua mikono yote miwili.

"Bi Mwanamize, nimekubali! Mimi nilidhani lina kifuniko tu, kumbe lina na mbawa!" Akaivuta ngoma yake, akaipiga pigo la kumsifu mchezaji aliyesimama, na zumari zikaitikia.

Helikopta ilipopaa tena, watu hawakukimbia. Walibaki wakishikilia vilemba na kanga zao, nyuso juu, na Mzee Silima katikati ameliinua guo lake jekundu kwa kuaga. Othman alijilaza mlangoni, mguu mmoja ameupinda nyuma, kanga ya mama yake ikipepea shingoni. Alilitazama bonde likipungua chini yake, akayaona na yale majamvi ng'ambo ya kilima, yametandazwa tena juani, karafuu zote mahali pake. Fahali mweusi alikuwa akiingizwa uwanjani.

Othman alikuwa ameziacha karafuu za watu zikauke kwa amani, akadhani kwa hilo amepoteza kazi yake; kumbe ni mtu wa watu haohao aliyekuwa bondeni na guo mkononi, akamwongoza ashuke. Hakika, mcheza kwao hutunzwa.